Mama wa Swichi na Kadi za Waliohama

Mama wa Swichi hakuwahi kusema "halo". Ukizungusha kishikio cha simu yako kule Kalamba au juu Kilungu, kifuniko kidogo kilianguka mbele yake kwenye ubao wa kuunganishia simu, naye akachomeka waya na kusema neno moja: "Namba." Hakuliuliza. Alilitoa kama mtu anayekusogezea kiti ukae. Waliomzoea walitaja namba na kunyamaza. Wageni walianza kujieleza, mama habari ya asubuhi, mimi ni fulani, nimetoka kwa fulani, na yeye aliwaacha wamalize, kisha akasema tena kwa sauti ile ile, "Namba." Watu wengi walimdhania mkali. Mimi niliyekaa kando yake miaka tisa naweza kusema walikuwa sahihi nusu tu.

Kituo chetu cha simu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta, katika mji mdogo kando ya barabara ya Mombasa. Laini nyingine zilipanda vilima vya Kilungu, nyingine zikateremka hadi Kalamba, na moja nene ilikwenda Machakos, na kupitia huko ungefika Kitui, Nairobi au popote pengine. Simu za nyumbani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Soko zima lilitumia simu ya duka moja, na ukitaka kuongea na mtu ulimpigia mwenye duka, naye akatuma mtu shambani kumwita. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kuunganisha waya tu. Ilikuwa kujua nani anapatikana wapi.

Siku hizi nikiulizwa kazi yangu, nasema naandika programu za kompyuta, na watu hutikisa kichwa kwa heshima bila kuuliza zaidi. Kwa kweli kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote ni ya programu inayokaa katikati, kati ya mlango wa tovuti na ofisi zake za ndani. Ombi likiingia, linaipitia programu hiyo kwanza. Inatazama limetoka wapi na linataka ukurasa gani, na kama ukurasa umehama inalielekeza kwenye anwani mpya, kisha inaliacha liende zake. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Vijana walionifundisha lugha za kompyuta walidhani wananifundisha kazi mpya. Nilikuwa nimeshafundishwa, na mwanamke aliyevaa sweta ya kijani hata mwezi wa pili jua likipasua mawe, na ambaye sidhani aliwahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Alikuwa na utaratibu, na ole wako uupindue. Kwanza sikiliza. Kisha jua namba inayotakiwa. Kisha tazama kama mtu huyo bado yuko pale. Kisha angalia kama laini iko wazi. Ndipo uunganishe, na ukishaunganisha, toa sikio lako, usisikilize ya watu. Wiki yangu ya kwanza niliunganisha kabla ya kutazama, nikampa mchungaji mmoja dakika tatu zote alizolipia aongee na mwenye baa, kwa sababu simu iliyokuwa ya duka la vitabu ilikuwa imepata mwenyewe mpya.

"Mchungaji amesema nini?" Mama aliniuliza.

"Amemwalika kanisani."

"Basi hiyo moja Mungu ametusaidia," akasema. "Ya pili hatatusaidia. Tazama kwanza, mwiitu."

Mwiitu ni binti, kwa Kikamba chetu. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza na hakuacha, hata nilipoolewa, hata nilipopata watoto wangu watatu.

Ile ya kutoa sikio ndiyo iliyomletea majaribu. Ubao wetu ulikuwa na kitufe cha kusikilizia, ili tujue kama watu wamemaliza, na kila mtu mjini alijua kwamba kipo. Palikuwa na mnunuzi mmoja wa maembe, mtu wa lori mbili, aliyetaka sana kujua wenzake wanaambiwa nini kutoka Nairobi. Hakuomba waziwazi. Alileta gunia la sukari, akaliweka mlangoni, akasema ni la chai ya ofisi, halafu akabaki pale akisifu kazi ya mikono ya Mama. Mama akamshukuru kwa upole ambao ulinitia wasiwasi. Alipoondoka, Mama alimwita tarishi wa posta, akampa gunia alipeleke jikoni kwa shule ya msingi, pamoja na ujumbe kwamba limetolewa na bwana yule. Jumapili iliyofuata yule bwana alishukuriwa kanisani mbele ya watu wote, akalazimika kusimama na kupunga mkono. Hakurudi tena na sukari.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Wakati wa chai, mbaazi za kuchemsha zikiwa kwenye bakuli katikati yetu, alikuwa bingwa wa umbea. Alijua nani amenunua viatu vipi, mbuzi wa nani amekula nguo ya nani, na mwimbaji gani wa kwaya amehamia sauti ya tatu kwa sababu ya aliyekaa karibu naye. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba habari iwe imefika kwa mdomo na si kwa waya. Nilimwona akiletewa habari ya harusi ambayo yeye mwenyewe aliipitisha kwenye ubao siku tatu kabla. Aliweka mkono kifuani. "Asi! Kweli?" akasema. "Na huyo kijana ni wa kwa nani?" Mleta habari alifurahi sana kumweleza.

Jambo jingine lililonichekesha ni kwamba hakupenda simu. Wakubwa walipomwambia angeweza kuvutiwa laini hadi nyumbani kwake Kilungu, alikataa. Alisema akiwa nyumbani anataka mtu amtafute kwa miguu. Na yeye aliyeshinda na visikizi masikioni kutwa nzima hakujua kuongea kwa simu kama watu wengine. Binti yake aliyekuwa Mombasa akipiga, Mama alipaza sauti kana kwamba anamwita ng'ambo ya bonde, alisahau yote aliyotaka kusema, na baada ya dakika moja nilimsikia akimwuliza mtoto wake mwenyewe, "Umemaliza?"

Alikuwa mkali juu ya dakika tatu za simu ya mbali. Zikiisha, zimeisha, hata uwe nani. Nilimsikia akimkata mtu mkubwa wa serikali katikati ya neno. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kilungu ambaye mume wake alimpigia kutoka Mombasa kila Jumamosi, na hao wawili hawakuwa watu wa maneno. Walisalimiana, wakaulizana mvua, halafu wakanyamaza, kila mmoja ameshikilia simu. Dakika zikapita. Nilimwonyesha Mama saa ya ukutani.

"Hiyo si kuongea," akaniambia. "Dakika ni ya kuongea. Waache."

Nilijifunza kwake kwamba mtu anayeshika sheria kwa bidii ndiye anayejua pa kuilegeza, na kwamba hakuna ruhusa ya kumwiga mpaka uwe umeshika sana. Nilijaribu kumwiga mapema mno, na nilivuna nilichopanda.

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa sanduku la kadi. Watu wetu wakati huo walikuwa wakihama kila mara. Vijana walikwenda Mombasa na Nairobi kutafuta kazi, wengine waliteremka tambarare kufungua mashamba mapya, mafundi walifuata majengo, wasichana waliolewa bonde la pili. Kila aliyehama na kuja kutuambia, Mama alimwandikia kadi: zamani alipatikana duka fulani, sasa anapatikana duka fulani. Aliyehama kabisa aliandikwa kwa wino. Aliyehama kwa muda aliandikwa kwa penseli, ili akirudi afutwe. "Wino ni kuolewa, penseli ni kutembea," alikuwa akisema. Kwa wale wa wino alihakikisha kila aliyepiga ameambiwa mahali papya, ili mara nyingine apige huko moja kwa moja. Kwa wale wa penseli hakuwaambia watu kitu. Aliwaelekeza tu na kunyamaza, kwa sababu mtu angerudi.

Kila kadi ilikuwa na pacha wake. Tuliandika karatasi yenye muhuri wa posta, tukaipeleka kwenye duka la zamani, na mwenye duka akaipigilia ukutani: simu na barua za fulani zipelekwe mahali fulani. Wenye maduka waliziheshimu karatasi hizo kama agizo la chifu. Kufuta kadi ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kutuma neno kwamba karatasi ing'olewe ukutani.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Nilikuwa bado kwenye mwaka wa majaribio. Kulikuwa na fundi wa mawe wa Kalamba, mtu wa makamo, mzuri wa kazi na wa maneno, ambaye hakuweza kupita posta bila kutusalimia sote mmoja mmoja. Alipata kazi ya kujenga kanisa Kilungu kwa miezi kadhaa. Alikuja, nikamwandikia kadi kwa penseli, na karatasi ikaenda kupigiliwa duka la Kalamba: mambo yake yapelekwe Kilungu. Kanisa lilipoisha alipita tena njiani akirudi kwake. Mama alikuwa kwenye ubao na vifuniko vilikuwa vinaanguka kama mvua, kwa hiyo nilimhudumia mimi. Niliandika kadi mpya, na karatasi ikapanda Kilungu: mambo yake yapelekwe Kalamba. Nilijiona hodari. Kadi ya kwanza nilijiambia nitaifuta simu zikipungua, na sikuifuta, na karatasi ya kwanza ilibaki ukutani Kalamba.

Wiki hizo mke wake alikuwa kwao Tulia, upande wa Kitui, akimwuguza mama yake mzazi. Akaugua yeye. Simu ilikuja kupitia Machakos asubuhi: fundi aambiwe aje upesi, mke wake yuko hali mbaya. Nyaya za Kalamba na Kilungu zilikuwa zimekatika tangu upepo wa jana yake, kwa hiyo opereta mwenzetu wa zamu aliandika ujumbe kwenye karatasi. Akatazama sanduku, akaiona kadi yangu ya kwanza, akaupeleka ujumbe Kilungu na tarishi wa baiskeli. Kilungu wakasoma karatasi ya ukutani wakaurudisha: Kalamba. Jioni ukaenda Kalamba na mfuko wa barua wa basi. Kalamba wakasoma karatasi yao ya ukutani, na asubuhi wakaurudisha kwetu: Kilungu.

Mwenye duka la Kalamba alikuwa amemuuzia fundi sukari asubuhi hiyo hiyo. Alimjua kwa jina, kwa sura, kwa kofia. Alipoulizwa baadaye mbona hakumpa mkononi, alisema karatasi ya serikali ilisema fundi yuko Kilungu, naye alidhani serikali inajua kitu ambacho yeye hajui. Aliamini muhuri kuliko macho yake. Sikuweza kumcheka wakati huo na siwezi hata leo.

Ujumbe ulizunguka hivyo siku tatu. Fundi alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika chache kutoka dukani, akiwakandikia mbuzi zizi jipya. Mke wake alifariki siku ya pili. Kule Tulia walingoja, hapakuwa na mahali pa kuhifadhi mwili, na jibu halikuja. Wakamzika kwa wazazi wake. Kwetu sisi mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume wake, na kumzika kwa baba yake ni kama kusema ndoa haikuwepo. Nyaya zilipounganishwa tena ndipo habari ilipomfikia fundi, na alipofika Tulia alikuta udongo umekauka.

Akaja ofisa kutoka juu kuchunguza. Alimwaga kadi mezani, akazipata zile mbili zinazotazamana, akauliza ni mwandiko wa nani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Mama hakunitazama.

"Hilo sanduku ni langu," akasema. "Kosa ni langu."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Bwana, nimekuambia ni langu. Andika."

Akaandika. Mama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba atapelekwa Machakos kuwa msimamizi, na sote tulikuwa tumeanza kumkumbuka kabla hajaenda. Machakos ikafutwa. Alipewa barua ya onyo, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa sweta, akarudi kwenye ubao. "Namba," nikamsikia akisema. Mimi nilinyamaza. Kwanza nilinyamaza kwa woga wa kufukuzwa. Baadaye nilinyamaza kwa aibu ya kwamba nilikuwa nimenyamaza. Mwishowe nilizoea, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Tangu siku hiyo aliweka sharti jipya, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Ujumbe ukielekezwa mara mbili na mtu hajapatikana, mara ya tatu hauandikwi popote. Mtu anapanda baiskeli anakwenda kumtafuta mwenyewe kwa macho, na hakai chini mpaka amemwona.

Fundi alimnyima salamu. Msomaji asiyetoka kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu unaweza kugombana na mtu juu ya mpaka wa shamba mpaka mahakamani, na asubuhi mkasalimiana njiani. Kumpita mtu kama mti ni kumtoa katika watu. Alimpita posta, alimpita sokoni, alimpita kwenye mikutano ya kanisa ambako wote wawili walikuwa wazee wa ushirika. Akija kununua stempu alitazama juu ya kichwa cha Mama na kuongea na mimi. Mimi ndiye niliyesalimiwa. Aliniuliza nimeamkaje, watu wa nyumbani wako salama, na baadaye watoto wangu hawajambo, akiwataja majina. Nilijibu kila mara. Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale, na visikizi masikioni.

Hakuwahi kunigusia jambo hilo. Alinifundisha kama zamani, alinigombeza kama zamani, na nilipopata nafasi ya kwenda Nairobi ni yeye aliyenisukuma. "Nenda," aliniambia. "Hii ubao itang'olewa, mimi na wewe tukiwa hai." Na kweli mitambo ya kujiendesha ilikuja, ubao ukang'olewa ukaacha alama nyeupe ukutani, na Mama akastaafu, akarudi Kilungu kwa michungwa yake. Mimi niliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma, kwanza kupiga taipu, kisha kusoma jioni, kisha kuandika programu.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini, ofisi yetu ilikuwa na tovuti yake ya kwanza, na mimi ndiye niliyeandika ile programu ya katikati. Kurasa nyingi zilihamishwa. Nikaandika kwamba anayetaka ukurasa wa zamani aelekezwe kwa mpya. Kijana tuliyefanya kazi pamoja, bila kujua, akaandika kwamba anayetaka ule mpya aelekezwe kwa wa zamani, kwa sababu kwa maoni yake ulikuwa umerudi. Asubuhi mteja akalalamika kwamba ukurasa haufunguki. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikaona ombi lake: zamani, mpya, zamani, mpya, zamani, mpya, mistari imejaa kioo cha kompyuta kutoka juu hadi chini.

Kijana alicheka, akafuta mstari mmoja, ikapona. "Hakuna mtu amekufa, mama," akaniambia, kwa sababu aliona uso wangu.

Niliongeza kwenye programu kihesabu kidogo: ombi likielekezwa zaidi ya mara mbili, lisimamishwe, na mtu aitwe atazame. Vijana waliniuliza mbona mara mbili tu, wengine huruhusu nyingi zaidi. Nilimaliza, nikaomba siku tatu za likizo, nikapanda basi la Mombasa nikashuka njia panda ya Kilungu.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua mbaazi kwenye uteo. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Sweta ilikuwa mpya lakini ya kijani.

"Mwiitu, umekonda," akasema. "Huko Nairobi hawapiki?"

Tuliulizana habari za watu wote, walio hai na wasiokuwepo. Kisha nikasema, "Mama, nimekuja juu ya ile karatasi ya Kalamba."

Aliendelea kuchambua. "Hiyo iliisha."

"Haikuisha. Kosa ilikuwa yangu, na wewe ukabeba. Na mimi nikakuachia. Nimekuja kuomba unisamehe."

"Mimi?"

"Wewe."

Alitupa kijiwe kwa kuku, na kuku akakikagua akakiacha. "Ulikuwa kwa majaribio," akasema. "Wangekufukuza, halafu waniletee mwingine nianze tena, tazama kwanza, tazama kwanza. Nilikuwa nimechoka kufundisha." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na nilikuona ukiandika ile kadi. Sikuangalia nyuma yako. Sanduku ilikuwa yangu. Sikudanganya yule ofisa."

"Lakini fundi..."

"Ndiyo. Fundi. Sasa hiyo maneno umeleta hapa, si yangu. Mimi hukunikosea kitu. Mwenyewe ako Kalamba, ako hai, anasimamia tangi ya maji ya shule. Enda umpelekee."

"Nitamwambia nini?"

"Vile umeniambia mimi. Usiongeze."

"Na akinifukuza?"

"Utakuwa umefukuzwa," akasema. "Kunywa chai kwanza."

Nilifika Kalamba alasiri. Mzee fundi alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, akiwaelekeza vijana wawili kwa fimbo. Aliniona kwa mbali na uso wake wote ukafunguka. Akaniuliza nimeamkaje, bwana hajambo, na akaanza kuwataja watoto wangu. Nilimkatiza kabla hajafika wa tatu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, vile vile Mama alivyoniagiza, na sikuongeza.

Wale vijana waliacha kazi, akawaonyesha kwa fimbo waendelee.

"Wewe ndiye nilikuwa nasalimia," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka yote hiyo."

"Ndiyo."

Alitazama mikono yake. Nilingoja anifukuze na hakunifukuza, na hakusema amenisamehe, wala hajasema mpaka leo. Aliniuliza tu nitalala wapi. Kisha akasema, "Kesho utanipeleka kwake."

Asubuhi tulichukua basi hadi njia panda, kisha tukapanda njia ya miguu ya Kilungu polepole, kwa sababu ya goti lake. Mama alikuwa uani tena na uteo wake. Alituona tukiingia, akaacha mikono juu ya mbaazi, na hakuinuka. Mzee alisimama mbele yake, akavua kofia, akamsalimia. Alimpa salamu yote ya Kikamba, ile ndefu ambayo watu hawana tena wakati nayo: ameamkaje, watu wa nyumba wameamkaje, ng'ombe, shamba, mwili. Mama aliitika kila kipande, mpaka cha mwisho.

Zilipokwisha, mzee alibaki ameshika kofia.

"Mbona uliniacha nikukasirikie wewe?" akauliza.

"Ulikuwa lazima ukasirikie mtu," Mama akasema. "Na huyu alikuwa mtoto."

"Hata bwana yako akikufa, sikuja."

Nilikuwa nimejilazimisha kusahau hilo. Kalamba nzima ilikuja mazishini siku hiyo kwa malori mawili, na yeye, aliyekuwa amejengea kila familia, hakuja.

"Niliona," Mama akasema.

Aliinuka, akamsogezea kigoda chake mwenyewe, na yeye akakaa chini kwenye gunia. Mzee alikaa, akaweka kofia usoni. Mama wa Swichi hakumharakisha. Alivuta uteo magotini akaendelea kuchambua mbaazi moja moja, na mimi nikasimama pale pale nilipokuwa mpaka mzee alipomaliza kulia.